Nilichomoa Mawe ya Taa ya Mgodini

Mwenye kosa ni mimi, jamani. Naanza na hilo kabisa usije ukanihurumia kabla hujasikia. Kuna mtu alifungwa kwa ajili yangu, akaachwa na mke kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza, nikaendelea kula ugali wangu. Leo nimechoka kunyamaza.

Jina langu sitalitaja. Nilikuwa mwalimu huko Geita, kijana wa kaptula iliyopigwa pasi na kalamu mfukoni. Asubuhi nafundisha watoto. Alasiri wanakuja wachimbaji wa mgodi mmoja mdogo wa dhahabu, watu wazima wenye ndevu zao, kujifunza kusoma na kuandika. Mimi nikaona kusoma na kuandika hakutoshi. Nikataka kuwafundisha umeme! Nilikuwa nimesoma kidogo tu mambo ya waya, nikajiona hakuna kama mimi.

Nikachukua ubao, misumari, waya, globu ya tochi na mawe mawili ya tochi, yaani betri. Swichi nilizikata kwenye bati la kopo la sigara. Nikaweka swichi mbili kwenye njia moja, nikawaambia hii ni NA. Ni kama posa: akubali baba wa binti na akubali baba wa kijana. Mmoja akikataa hakuna ndoa, na taa haiwaki. Kisha nikaweka swichi mbili, kila moja na njia yake. Hii ni AU. Boma lina milango miwili, ukiacha wazi huu au ule, ng'ombe katoka. Walicheka wakashika mbavu! Lakini walielewa upesi kuliko watoto wa asubuhi.

Aliyeelewa zaidi nimwite Masanja, ingawa silo jina lake. Kazi yake ilikuwa kulipua mwamba kwa baruti. Aliyekaa naye dawati moja nimwite Sumuni, mchimbaji, tena shemeji yake, maana Masanja alimwoa dada yake. Wakikosea hesabu wanasingiziana kama watoto.

Sasa sikiliza. Mgodi ule ulikuwa na milango miwili, wa mbele na wa nyuma. Kabla ya kuwasha utambi Masanja alikuwa na desturi aliyoachiwa na walipuaji waliomtangulia. Anasimama mlango wa mbele na kumwita kila mchimbaji kwa jina lake. Kisha anazunguka hadi mlango wa nyuma, anaita tena. Aliyekwisha toka anaitikia huko nje kwa jina la baba yake. Asiyeitikia, hakuna kulipua mpaka aonekane kwa macho. Ilikuwa kazi ya kukausha koo, na jua lile!

Mimi nikamcheka. "Masanja, watu unawaita kama mbuzi?"

Basi nikaenda na darasa langu tukafunga taa pale mgodini. Ni AU ileile ya ubaoni: swichi moja mlango wa mbele, moja mlango wa nyuma, na taa kwenye kibanda cha mbele. Anayeingia anabonyeza, wa mwisho kutoka anainua. Taa ikiwaka, kuna mtu ndani. Ikizimika, lipua. Mwenye mgodi alifurahi mno.

"Na hii taa, mwalimu, haikosei?" Masanja aliniuliza.

"Taa haidanganyi," nikamjibu. "Wanaodanganya ni watu."

Akaacha kuita majina. Kwa nini aite, na mwalimu kasema?

Siku moja akaja Bwana Mkaguzi wa shule kutoka Mwanza. Ghafla! Nikakimbilia ubao wangu, nikabonyeza swichi, kimya. Mawe yamekwisha nguvu. Duka la pale lilikuwa halina mawe, na mkaguzi yuko ofisini kwa mwalimu mkuu anakunywa maji. Nikaiwaza taa ya mgodini, maana nayo ilitumia mawe mawili kama hayo.

Nilikwenda mbio. Saa za kazi zilikuwa zimekwisha, watu wametoka, mlinzi kaenda kula. Taa ilikuwa imezimwa, maana yake hakuna mtu ndani. Nikasema, nayachukua haya mawili, narudisha sasa hivi, nani atajua? Nikayachomoa.

Wallahi, mkaguzi alipenda! Aliwasha na kuzima mwenyewe kama mtoto. Akanipa mkono. Akasema mwalimu kama mimi hapaswi kukaa porini. Wakaleta chai na maandazi, nikakaa. Ningeweza kuondoka! Ningesema nina dharura, lakini sifa tamu, ndugu yangu. Nikaongezewa kikombe.

Nilikuwa nimekishika kikombe hicho niliposikia mlipuko. Kulipua kulikuwa kwa kila siku, hakuna aliyeshtuka. Mimi tu ndiye niliyeshika mfuko wangu, mawe yale yamo.

Sumuni alikuwa amerudi kuchukua patasi yake. Aliingia mlango wa nyuma. Na kama mwanafunzi mzuri alibonyeza swichi! Masanja mlango wa mbele akatazama taa, akaiona imezimika, akawasha utambi palepale mlangoni, akaenda zake. Mwamba ukamwangukia shemeji yake.

Nilipofika watu walikuwa wanafukua na wanawake wanalia. Hakuna aliyenitazama. Mkono wangu ukafanya wenyewe, nikayarudisha mawe mahali pake. Nilitaka tu yasionekane kwangu.

Taa ikawaka.

Ee Mungu wangu! Swichi ya Sumuni ilikuwa bado iko chini. Taa ilisema kuna mtu ndani, na kweli alikuwamo, keshakufa. Hata leo nikifumba macho naiona. Mke wangu ananiuliza kwa nini siwezi kulala chumba chenye taa hata ya utambi. Namwambia moshi unanikaba.

Masanja alipoiona alipiga kelele. "Ilikuwa imezimika! Naapa kwa mama yangu, ilikuwa imezimika!" Watu wakamwonyesha, si hiyo inawaka? Umemwua shemeji yako huku unaona. Wengine wakasema waligombania dhahabu. Mkewe, ambaye ni dada wa marehemu, alisimama akamtazama mumewe. Akachukua watoto akarudi kwao.

Wakaja wakubwa kuuliza. Wakaniita mimi, mtaalamu! "Mwalimu, taa hii yaweza kuzimika na mtu yumo ndani?"

Masanja alikuwa amekaa chini, mikono imefungwa. Alinitazama kama mtu anayemwona ndugu yake kaja.

Nikasema, "Hapana, bwana. Haiwezi."

Akafungwa. Mimi nikaacha ualimu, nikaja Kahama kuuza chumvi na vitambaa. Sikupandishwa cheo, sikwenda Mwanza, hata ile sifa iliyonikalisha kwenye chai sikuila.

Mwaka huu, baada ya msimu wa mpunga, nilipita Nyahanga, hapahapa Kahama, kwenye ghala moja. Mtu mmoja akatua gunia, akajifuta jasho, akaniinamia. "Shikamoo, mwalimu."

Mkubwa wangu kwa umri! Ndevu zimekuwa nyeupe. Alikuwa Masanja.

Nikatafuta pa kuanzia. Nilitaka kusema, naapa nilitaka. Yeye akatangulia. "Mwalimu, nilisumbua sana watu siku zile. Nilisema taa ilikuwa imezimika. Nimekaa gerezani nikawaza. Wewe ulitufundisha haidanganyi, basi walionidanganya ni macho yangu. Nilimwua Sumuni mimi. Nimekwenda kwa padri nikaungama, nimepewa kitubio, nakifanya."

Akalishika tena gunia lake.

"Niombee, mwalimu."

Na unajua nilisema nini? Nilisema, "Nitakuombea." Nikaondoka! Nikamwacha na dhambi yangu na gunia lake, nikaenda kupima chumvi.

Nyinyi mnaofundisha, wa darasani na wa kazini, nawasihi. Ukimwachisha mtu kuita jina la mwenzake, hakikisha kitu ulichompa badala yake hakizimiki kwa ajili ya kikombe chako cha chai. Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Kesho yake mwenzako ataanza kuamini kuwa yeye ndiye mwenye kosa, na huko hutamtoa kwa maneno machache.

Nimekuja kuliandika kosa langu hapa kwa sababu mbele yake nimeshindwa. Wewe unayebeba magunia Nyahanga, unajijua, na kusoma unajua, nilikufundisha mimi. Macho yako ni mazima. Taa ilikuwa imezimika. Rudi kwa padri umwambie ulikosea kuungama, kisha uje dukani kwangu na mtu yeyote unayemtaka, hata askari. Sitakimbia.