Skonzi za Unga wa Atta

Daktari wa Voi alipomwambia Baba kwamba ana ugonjwa wa sukari, Baba hakuuliza habari za dawa. Aliuliza habari za mkate. Tangu siku zake za ukarani katika shamba la mkonge alikuwa akinywa chai ya asubuhi kwa mkate mweupe, na kwake mkate huo ndio uliomtofautisha na majirani waliokula viazi vitamu na mihogo. Daktari akamwambia mkate mweupe sasa basi. Baba akanigeukia mimi na kunikazia macho, kana kwamba neno hilo lilikuwa limetoka kinywani mwangu.

Wakati huo nilikuwa mpishi katika nyumba ya wageni mjini Voi. Mama alikuwa ameshafariki. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa Nairobi na kazi yake na familia yake. Hakuna aliyeniambia wazi niache kazi. Kaka alinipigia simu akasema tu, "Dada, si wewe ndiye uko karibu?" Nikafunga virago vyangu nikapanda milimani, kwetu Mwanda, nikarudi kulala katika chumba nilimolala nikiwa msichana.

Kule kwenye nyumba ya wageni, bibi mmoja Mmarekani aliyekaa nasi muda mrefu alinifundisha kuoka mikate midogo ya ngano isiyokobolewa kwa maziwa yaliyochachuka. Yeye aliiita biskuti. Sisi jikoni tuliiita skonzi, kwa sababu haikufanana hata kidogo na biskuti za dukani. Nikafikiri, hiki kitamfaa Baba. Si mkate mweupe, hakina sukari, na bado kinaliwa kwa chai.

Unga wa atta, ule wa ngano isiyokobolewa, niliununua Mwatate. Maziwa nilipata kwa jirani mwenye ng'ombe. Niliyaacha yagande, nikayatikisa kwenye kibuyu cha marehemu Mama mpaka siagi ikajitenga. Siagi nikaivunjavunja ndani ya unga kwa ncha za vidole, haraka, kabla haijayeyuka, nikatia chumvi na beking pauda, kisha nikamimina yale maziwa mepesi machachu yaliyobaki kibuyuni. Unga huo haupendi kukandwa kama wa chapati. Unaukunja mara chache, unaukata kwa mdomo wa glasi, unauacha. Oveni sikuwa nayo. Nilitandaza mchanga ndani ya sufuria kubwa, nikaweka sahani ya bati yenye skonzi juu yake, nikafunika na kupanga makaa juu ya kifuniko. Mara ya kwanza ziliungua chini. Baadaye nilijua kiasi cha makaa, zikawa zinaumuka vizuri na kutoa harufu iliyofika mpaka barabarani.

Baba alichukua moja, akaimega, akaiangalia ndani.

"Ina maganda," alisema.

"Ni ya ngano, Baba. Ndiyo yenye afya."

"Ng'ombe pia anakula maganda."

Alikula. Kila asubuhi alikula, akitafuna polepole huku amefumba macho, kama mtu anayemeza kwinini. Hakuwahi kusema ni tamu. Sukari yake ilishuka, na muuguzi wa kliniki akanisifu mbele yake. Baba akajibu kwamba hata wafungwa hukonda.

Kaka alikuwa akija mara moja moja, na kila alipokuja alikuja na mikate myeupe, ile mirefu iliyokatwa tayari, pamoja na jemu. Baba alimngojea kwenye kiti cha nje tangu asubuhi, amevaa koti. Nilimvuta kaka kando, nikamwonyesha maandishi ya daktari.

"Kipande kimoja hakiwezi kumuua," alisema. "Mzee ni mzee. Mwache afurahi."

Yeye aliondoka kesho yake. Mikate ilibaki chini ya mto wa Baba, na mimi ndiye niliyesafisha kidonda kilichotokea kwenye kidole cha mguu na kukataa kupona. Siku moja nilipokuwa nikitandika kitanda niliukuta mkate nikauchukua. Baba alinitazama kwa utulivu, hata sauti hakuipandisha.

"Mwanangu amenipa," alisema. "Wewe kazi yako ni kuninyima."

Nilitoka nikaenda jikoni, nikapima unga wa kesho.

Mguu ulikatwa hospitalini Voi, na Baba hakumaliza msimu ule wa mvua. Siku zake za mwisho alikataa skonzi, akakataa uji, akawa anamwita kaka kwa jina. Nilikuwa nimemshika mkono. Aliniuliza kama gari la kutoka Nairobi limefika. Nikamwambia liko njiani, ingawa halikuwa njiani.

Kwenye mazishi kaka alishika kipaza sauti. Alisema Baba hakupungukiwa na kitu, kwamba tulimtunza, kwamba hata mkate aliopenda hakuwahi kuukosa. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mama mmoja wa kanisa aliyeketi nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyo ndiye mtoto." Nilisikia kila neno.

Jioni, waombolezaji walipopungua, niliuoka unga wote uliobaki kwa sababu hakukuwa na kitu kingine cha kuwapa waliobaki kulala. Kaka aliingia jikoni akala moja amesimama, akachukua ya pili, kisha ya tatu.

"Hizi ni tamu sana," alisema. "Mzee alikuwa na bahati. Kwa nini usizifanyie biashara?"

Niliyatazama makombo yaliyokuwa kwenye tai yake nyeusi. Nikamwambia chai iko kwenye chupa.

Niliporudi Voi kuulizia kazi yangu, nafasi ilikuwa imeshachukuliwa. Sasa napika chapati na maharagwe katika hoteli ndogo pale Mwatate, nyuma ya soko. Unga wa atta naupita dukani bila kuugusa. Kaka hunipigia simu mara moja moja, hasa Krismasi ikikaribia, na kila mara huuliza kama kaburi la Baba limepaliliwa. Namwambia limepaliliwa.