Kabureta ya Lori la Matofali

Pale yadi ya magari walimwita Sikio, na jina lilikuwa limemkaa hata mkewe, akitaka kumbembeleza, alimwita hivyohivyo. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa akitengeneza injini za malori ya zamani, na kabureta hakuipima kwa mashine. Alisimamisha bisibisi ndefu juu ya injini inayounguruma, akaegemeza mpini sikioni, akafumba macho, kisha akageuza skrubu ya kuchanganya hewa na petroli kidogo kidogo, mpaka muungurumo utulie kama pumzi ya mtoto aliyeshiba. Wakati huo yadi nzima ilinyamaza. Fundi wa bodi aliweka nyundo chini, na aliyekohoa alitupiwa jicho.

"Mzee anasikiliza," walinong'onezana.

Sasa lori la Mama Matofali lilikuwa limemrudia mara tatu ndani ya wiki mbili. Mama huyo alikuwa mjane, akiliendesha mwenyewe lori kuukuu alilobebea matofali. Kila likitoka mikononi mwa Sikio lilikwenda vizuri siku mbili. Ya tatu lilianza kufuka moshi mweusi, likanuka petroli kama pampu iliyopasuka, likazimika mlimani. Na kila liliporudi Sikio aliifungua kabureta yote, akaosha vipande vyote pamoja kwenye karai la petroli, akavianika juani juu ya kitambaa cheupe kuanzia asubuhi mpaka alasiri, maana alichukia kufunga kitu kibichi. Kisha akafunga, akasikiliza. Injini ikamjibu vizuri kabisa. Na siku ya tatu likazimika tena.

Mara ya mwisho alipoegemeza bisibisi sikioni, fundi wa bodi hakuacha kugonga.

Sikio alimaliza kazi, akafuta bisibisi yake. Lakini zile ngo, ngo, ngo zilimfuata hadi nyumbani, na asubuhi ya siku ya tatu, chai ikimpoea mkononi, alimuuliza mkewe, "Hivi mimi bado nasikia vizuri?"

"Lori likipita mtaa wa tatu unaniambia lina ugonjwa gani," mkewe alijibu. "Nikikwambia mlango wa jiko umelegea bawaba, hapo ndipo uziwi unapokupanda. Kwa nini unauliza?"

"Basi tu."

Hakucheka. Moyoni alikwisha kukata shauri: lori lile likirudi tena, ataacha kazi. Fundi aliyeaminiwa kwa sikio, sikio likimdanganya, hana tofauti na kinyozi anayetetemeka mikono. Lakini kila alipojiona nyumbani mchana kutwa, akihama na kiti kufuata kivuli, shauri lile lilimwia chungu.

Siku hiyohiyo, kabla jua halijakolea, lori likaingia yadini likikohoa na kufuka. Mama Matofali akashuka na boksi kwapani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na hilo?"

"Usinikasirikie. Ni kabureta mpya. Nimezimikiwa mlimani na matofali mgongoni, waliokuwa nyuma yangu wakanitukania mpaka bibi aliyemzaa mama yangu. Nimechoka, mzee wangu. Nifungie hii."

Sikio akafungua boksi. Kabureta iling'aa kama sahani ya bibi harusi, lakini mdomo wake ulikuwa mpana kuliko tundu la injini, na mkono unaovutwa na waya wa mafuta ulikuwa upande usio wake.

"Hii si ya injini hii."

"Aliyeniuzia amesema inaingia."

"Huyo angekuuzia kofia ukavae mguuni."

"Basi chonga, toboa, fanya unavyojua! Ile ya zamani sitaki kuiona tena."

Siku nyingine angebisha mpaka mate yamkauke. Lakini leo? Mtu asiyeliamini sikio lake atatetea nini? Akachukua spana, akaanza kuing'oa kabureta ya zamani ikiwa bado na joto. Safari hii hakuosha wala hakuanika. Ilikuwa inakwenda kutupwa, ya nini kuitunza?

Akafungua kifuniko, akatoa boya, kile kikopo cha shaba kilichozibwa pande zote, ambacho huelea ndani ya bakuli la kabureta na kufunga njia ya petroli bakuli likijaa. Boya huwa jepesi kama ganda la yai. Hili lilimlemea kiganjani.

Akalitikisa karibu na sikio. Chwa.

Akalitikisa tena, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Chwa, chwa.

"Mama, njoo. Weka sikio hapa. Unasikia nini?"

"Kuna kitu kinacheza ndani."

"Kumbe na wewe unakisikia!"

"Nakisikia, ndiyo. Kwani ni nini, mzee?"

"Subiri, mwanangu. Nitakuonyesha sasa hivi."

Akaomba birika la maji ya moto kwenye kibanda cha chai, akayamimina kwenye sufuria na kulizamisha boya, joto liisukume nje hewa iliyomo. Kutoka kwenye ungio la shaba ukapanda uzi wa mapovu, mwembamba kama unywele. Tundu lenyewe jicho lisingeliona.

"Petroli inaingia humo polepole," alisema. "Siku mbili boya linakunywa, ya tatu linazama, njia haifungiki, injini inapaliwa. Mimi kila mara nililiosha pamoja na vingine bila kulipima mkononi, nikalianika juani, petroli yote ikakauka ndani, nikakurudishia boya jepesi na tundu lake."

"Kwa hiyo ni usafi wako uliokuwa unanitesa?"

"Usafi wangu."

"Na sikio?"

"Sikio halikuwa na kosa," alisema.

Akalitoboa boya kwa sindano, akamwaga petroli yote, akalikausha, akaziba matundu yote mawili kwa chembe za risasi iliyoyeyushwa, ndogo ili lisizidi uzito. Akalirudisha kwenye maji ya moto. Hakuna povu. Boksi likarudi dukani.

"Usinishukuru mpaka siku ya tatu," alimwambia Mama Matofali.

Siku ya tatu alipanda naye, lori limejaa matofali. Mlimani Mama Matofali akapunguza gia, na injini ikaukwea mlima kwa sauti moja nzito, isiyokatika.

"Moshi?" Sikio aliuliza, macho mbele.

Mama Matofali akatazama kwenye kioo cha pembeni. "Hakuna, mzee. Hata wa sigara."

Sikio akashusha pumzi ndefu, akaegemea kiti. Walipofika juu Mama Matofali akamuuliza kama anataka kushuka anyooshe miguu. Hakujibiwa. Akageuka: mzee alikuwa amelala, kidevu kifuani, kofia imemwangukia puani. Akapunguza mwendo, akayazunguka mashimo moja moja, asimwamshe.