Mashaka Juu Yangu

Siku tarishi alipofika Lubondja na barua yangu, mama mukwe hakutaka hata aiingize ndani. Alimwambia aiweke chini, pale kwenye majani. Miaka ile karatasi iliyopanda kutoka mji wa Baraka, kule ziwani, ilikuwa ya Leta, serikali ya wazungu, na karatasi ya Leta ilikuwa ya kodi au ya kumwita mtu gerezani. Sasa eti imekuja karatasi ya mwanamke? Watu waliniangalia mimi, wakamwangalia tarishi, wakaniangalia tena.

Tarishi mwenyewe alikuwa mtu wa kando ya ziwa, Mwislamu, mpole, shati la kaki na maneno machache. Alikuwa anapanda kwa miguu, mkoba wa barua begani, na nyumba yetu ndiyo ya kwanza ukimaliza mlima. Akiomba maji ya kunywa, nilikuwa ninampa. Nimnyime kwa nini?

Barua ilitoka kwa mume wangu, aliyekuwa anafanya kazi bandarini Albertville. Kwetu mwanamke hafungui barua bila baba mukwe kuwapo, basi ikasomwa uani, mbele ya ukoo mzima. Katekista ndiye aliyesoma, polepole, kwa sauti yake ya kanisani: “Mke wangu mpenzi, salamu sana. Mimi ni mzima, mashaka yangu ni juu yako tu.”

Vichwa vyote vikanigeukia.

Wewe uliyezaliwa kwa watu wa barua, cheka tu. Unajua hiyo ni salamu: mimi sijambo, nahofia hali yako. Lakini kwetu, ukisema una mashaka juu ya mtu, umesema unamshuku. Na mwanamke ambaye mume yuko mbali anashukiwa kwa jambo moja.

“Ameshajua,” mama mukwe akasema.

“Ameshajua nini?” nikauliza.

“We ndiye unajua.”

Nikamwomba katekista arudie. Akarudia, maneno yaleyale. Moyo uliniuma, sitaficha. Mume wangu hakuwahi kuniita mpenzi hata siku moja, leo ananiita mpenzi, halafu hapohapo ananishuku.

Tangu hapo sikupumua. Nikienda mtoni, wifi yuko nyuma. Nikichelewa kwenye mihogo, nanuswa kama samaki wa jana. Tarishi akipita, mama mukwe anatoka na maji yeye mwenyewe, anamsimamia mpaka amalize. Maskini yule mtu akaacha kuomba maji, na hilo nalo likawa kesi: “Mbona sasa haombi?” Nilisikia wanapanga kunirudisha kwa baba yangu, kule Kilembwe, na mutoto wangu abaki kwao. Hapo nilianza kulala nimemshika mkono.

Baba mukwe akajibu ile barua. Mimi sikusomewa jibu.

Haikupita muda, mume wangu akashuka Baraka kwa boti, akapanda hadi kwetu. Baba yake akaita kikao. “Tuelezee. Yale mashaka ulipata wapi?”

Mume wangu akashangaa. Akasema hajui kuandika, barua iliandikwa na karani wa sokoni, mtu wa Ujiji, na neno hilo anamwekea kila mteja, hata anayemwandikia mama yake mzazi. Katekista akainama. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mama mukwe akaniita mwanangu, akanikatia paja la kuku kwa mkono wake. Nikacheka nami, ingawa hasira ilikuwa imenijaa. Nikajua yameisha, mutoto ni wangu.

Walipotawanyika tukabaki wawili jikoni. Nilikuwa ninamsongea bugali. Hakuniangalia usoni.

“Mi sikukuwa na mashaka,” akasema. “Hata kidogo. Lakini baba aliniandikia kwamba banakuchunga, na muntu hachungwi bure.” Akasogeza kuni moja kwa mguu. “Huyu tarishi ni nani yako?”