Nilivyowapiga picha mama mkwe na dada yake ndani ya nyumba, wakatoka vivuli

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Kwa kawaida mimi humu ni msomaji tu, nacheka na vioja vyenu kisha nalala. Leo na mimi naweka changu. Ni kweli tupu, na mke wangu naye anasoma humu, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuliwa kwenye comment ya kwanza.

Mimi ni Mmatengo wa Mbinga, kahawa na mahindi. Pembeni napiga picha: kipaimara, mahafali, harusi. Kamera yangu ni digital ya mtumba, nzito kidogo, tumezoeana. Kazi zangu nyingi ni za nje, juani, kwa hiyo masuala ya mwanga hafifu yalikuwa hayajanikuta.

Nimeoa ziwani, Lituhi.

Sasa mama mkwe wangu ana dada yake mkubwa, ambaye sisi tunamwita Mama Mkubwa. Huyu aliolewa ng'ambo ya ziwa, upande wa Malawi, akiwa binti. Kuonana kwao ni kwa nadra sana. Magoti yake yameshaanza kugoma, na boti haina huruma na magoti ya mtu. Pasaka iliyopita akajikaza akavuka. Hakuna aliyelisema, ila wote tulijua huenda asivuke tena.

Mama mkwe akampigia simu mke wangu: "Mwambie mwenzako aje na kamera yake. Mimi na dada hatuna hata picha moja ya pamoja."

Wakuu, hata moja. Iliyokuwepo ya usichana wao ililiwa na mchwa.

Hapa nisimame kidogo kwa ajili ya wale ambao hawajaonja ukwe wa huku. Mimi nimelelewa kwamba mama mkwe humsogelei ovyo. Humtazami machoni, hukai naye mkeka mmoja, mkikutana njiani unampisha. Najua vijana wa siku hizi mnapiga selfie na wakwe zenu, hongereni. Mimi baba yangu alinifunza ya zamani na yameniganda. Tangu nioe, salamu zangu natolea mlangoni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Basi, imeisha hiyo, nazunguka uani kwa mashemeji.

Tuendelee.

Siku ya picha kulikuwa na upepo, na Mama Mkubwa hakutaka kunyanyuka, kwa hiyo ikaamuliwa tupigie sebuleni. Sebule yenyewe ni ya tofali zisizopigwa lipu, ina dirisha moja la maana, linaloangalia ziwa.

Na watu wa ziwani wana ugonjwa mmoja: picha bila ziwa kwao si picha. Mashemeji wakalivuta benchi hadi chini ya dirisha, wakafungua mbao zote, wakawaketisha wale dada wawili wakiwa wameligeuzia ziwa mgongo. Wote wamevaa sare nyeupe za kanisani na vilemba. Walipendeza sana.

Mpiga picha mwenye akili zake angesema, jamani geukeni, mwanga uwapige usoni. Angewasha flashi. Angesogea.

Mimi nilisimama mlangoni.

Nimwambie mama mkwe "inua kidevu kidogo"? Mimi? Na flashi niliona ni sawa na kummulika mkwe usoni kwa tochi, nikaizima. Hata nilipochungulia kwenye kamera, macho yangu yalikuwa dirishani, si kwenye nyuso zao. Kamera ilikuwa kwenye auto, nayo ikafanya hivyo hivyo: ikapima mwanga wa ziwa, ikaridhika.

Nikakagua kwenye skrini, nikaona safi kabisa. Kumbe skrini yenyewe nilikuwa nimeipandisha mwanga hadi mwisho kwa ajili ya kazi za juani. Ndani ya chumba chenye giza ilinidanganya mchana kweupe. Nikaenda zangu kula ugali wa muhogo na mbasa, samaki wa huko ziwani.

Kesho yake Mama Mkubwa akaondoka kuwahi boti ya kurudi ng'ambo, Mbamba Bay.

Nimefika Mbinga, nafungua laptop. Wakuu, ziwa limetoka zuri ajabu. Mawimbi unayaona moja moja. Na mbele ya ziwa kuna vivuli viwili vyenye vilemba.

Nikapitia zote, zote hivyo hivyo. Mke wangu akaja akasimama nyuma yangu, akaangalia weee, halafu akasema, "Hukusogea, eh?"

Nikaivuta laptop karibu.

Bahati yangu moja ni kwamba nilipiga RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata, na faili za RAW huwa zinaficha mengi gizani. Nikaanza kupandisha mwanga taratibu. Pua ya Mama Mkubwa ikatokea. Shavu la mama mkwe likatokea. Nikapandisha tena, ikatokea kitu ambacho chumbani hakuna aliyekiona: Mama Mkubwa amemshika mdogo wake kwenye kifundo cha mkono, amekaza, kama anayemvusha mtoto barabara.

Hapo nikapagawa. Nikapandisha, nikapandisha. Zikaja chenga, vile vidoadoa vya picha ya gizani, nikazifuta kwa programu. Nyuso zikawa laini, zinang'aa kama za tangazo la mafuta ya kujipaka. Nikajiona fundi. Nikaisafisha kwa saizi kubwa pale studio ya mjini, nikaitia fremu, tukateremka nayo Lituhi.

Mama mkwe akaipokea kwa mikono miwili. Akaifuta kioo kwa khanga. Akaiangalia muda mrefu mpaka mimi kule mlangoni nikaanza kubadilisha mguu wa kusimamia.

"Mkwe, huyu ni nani?"

"Ni Mama Mkubwa, mama."

"Huyu siye. Dada ni mweusi. Baba yetu alikuwa akijisifia weusi wake kwa wageni. Wewe umempaka unga wa muhogo."

Shemeji mmoja alicheka hadi akatoka nje. Mimi nilitamani ardhi ipasuke.

Lakini mama hakuwa na hasira. Akauliza, "Hiyo mashine uliyomfanyia hivi umekuja nayo?" Nikatoa laptop kwenye begi, nikaiweka kwenye stuli mbele yake, nikaifungua picha, kisha miguu yangu yenyewe ikanirudisha mlangoni.

Akaniangalia. "Sasa ukiwa huko, utaibonyeza kwa mguu? Njoo ukae hapa."

Nikakaa. Benchi moja na mama mkwe. Jasho lilinitoka, nawaambia ukweli.

Nikairudisha picha ilivyokuwa mwanzo, giza tupu, nikaanza upya. Yeye anasimamia. "Ongeza. Ongeza. Aa, umempitisha, rudi. Bado. Rudi kidogo." Macho yake hayakubanduka kwenye uso wa dada yake. "Hapo. Acha hapo hapo."

Mama Mkubwa alikuwa pale, mweusi wa kweli, mwenye mikunjo yake na tabasamu la upande mmoja. Chenga zilikuwepo, nikamwambia naweza kuziondoa. Akasema ziache, zimemkosea nini.

Halafu akaweka kidole kwenye skrini, juu ya ule mkono uliomshika.

"Alikuwa ananishika hivi tukienda kuchota maji ziwani. Akiogopa nisichukuliwe na mamba."

Akalia, kidogo tu, bila sauti. Na mimi nikamtazama. Sikupanga. Kumbe mke wangu ana macho ya mama yake, na miaka yote hii nilikuwa silijui hilo. Nampenda yule mama, wakuu. Nilikuwa nampenda kutokea mlangoni tu.

Nilichojifunza: mkipiga ndani, dirisha liwe mgongoni kwako wewe mpiga picha, lisiwe mgongoni kwa watu. Skrini ya kamera ni muongo, hasa kwenye giza. Kama flashi unaiona aibu, basi pandisha ISO, kamera inase mwanga zaidi, na usogee, chenga zinavumilika. Na ukija kuokoa picha ya giza, usimtoe mtu kwenye rangi yake. Muulize anayempenda aseme wapi pa kuishia. Heshima nayo ni nzuri, ila ikikufanya ushindwe kumuona mtu, ipunguze kidogo.

Wataalamu wa editing najua mna ya kwenu, karibuni mnirekebishe bila matusi. Na wenye wakwe, mtuambie ninyi mnasimamia wapi.

NB: Siku ile ile mama mkwe alisema na sisi wawili, mimi na yeye, tupigwe picha. Mke wangu akashika kamera, akatugeuza tuangalie dirisha, akaja karibu kabisa. Mwanga umekaa sawa, mama mkwe anacheka meno yote nje.

Mimi nimeangalia chini.