Mtunzi na Bomba Letu la Jikoni

Miaka ile ya mwanzo Birmingham, mume wangu alikuwa fundi bomba siku za kazi, na Jumapili mpiga kinanda wa kanisa letu la Wakongo. Nilichoka kumwambia achague moja.

Mchana mmoja redio ikamtaja mtunzi wa zamani wa Norwei: alipiga kinanda kanisani, akatunga simfoni, na mji wake ukamkabidhi pia mabomba ya maji na kazi ya kuzima moto.

Mume wangu akanitazama kama aliyeshinda kesi. “Umesikia, mama?”

Nilisikia. Nikamwonyesha bomba la jikoni, lililokuwa likivuja tangu Pasaka. “Basi, papa, anza na hili.”

Alilitengeneza huku akiimba. Nami, bado nimenuna, nikajikuta naitikia sauti ya pili.