Kumsahihisha Marehemu

Mdogo wangu Zuhura huwafundisha wakulima wa korosho wa Tingi na Miteja kwa simu, kwenye kikundi cha WhatsApp. Mwanzoni alikuwa anarekodi masomo marefu kama hotuba ya mgeni rasmi. Watu wakisikiliza kidogo, wanaacha. Mumewe, Mfaume, ndiye aliyemfumbua macho.

"Mke wangu, mtu mzima hapendi kufundishwa. Anapenda kumsahihisha mwenzake."

Tangu hapo kila somo likawa ugomvi wa mume na mke. Mfaume anajifanya mkulima mbishi, anakosea kwa kujiamini kabisa, kisha Zuhura anauliza, "Jamani, mnamsikia huyu?" Basi! Watu wazima na ndevu zao wanagombania kumwambia Mfaume kwamba hajui kitu. Somo linalofuata anakiri kosa, na wote wameshajifunza.

Mfaume alifariki mwezi wa tano, kwa kifua. Zuhura akakaa eda, nami nikaja kukaa naye hapa Masoko. Hakulia. Nikimpa uji anakunywa, nisipompa hadai. "Sisikii kitu, dada Moza. Ganzi tu." Ilinitia hasira, maana mimi nililia mpaka sauti ikanikauka.

Msimu wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa ulipofika, wakulima wakaulizia somo. Mfaume alikuwa amelirekodi kabla hajaugua. Zuhura akalituma bila hata kulisikiliza. Sauti ya marehemu ikatangaza, "Salfa mimi napulizia saa sita mchana, upepo ukiwa mkali. Upepo wenyewe utanisambazia!"

Mmoja akaandika, "Mungu amrehemu." Nani angethubutu kumkosoa maiti? Mbaya zaidi, Bi Kudra wa Tingi, aliyejiunga juzi tu, akaahidi kupulizia kesho saa sita, kumuenzi marehemu.

"Zuhura, watapoteza dawa, maua yataliwa na ugonjwa! Sema neno."

Akaishika simu, akabonyeza kurekodi, kisha akaiweka chini.

"Siwezi kumwambia amekosea," akasema. "Hatanijibu."

Nikampigia Likwata wa Miteja, mtani wa Mfaume, yule aliyejilaza kaburini siku ya mazishi akidai shimo ni lake. Haukupita muda, sauti yake ikaingia kikundini.

"We Mfaume! Hata huko uliko hujapata akili? Upepo utaipeleka salfa baharini, wakapone samaki! Pulizia alfajiri, majani yana umande, upepo umelala. Mjinga mkubwa wewe, umemwacha mke mzuri hivi!"

Hapo mlango wa maneno ukafunguka. Wakamshambulia Mfaume mmoja baada ya mwingine, kama zamani, na Bi Kudra naye akamkemea.

Zuhura alizisikiliza zote. Akacheka. Kicheko kikakatikia katikati, akaangua kilio hata majirani wakaja mbio, wakiuliza tumefiwa na nani tena.

"Ni yule yule," nikawaambia.