Debe Langu Liko Mzenga

Shule niliiacha darasa la sita, lakini maswali hayajaniacha. Pale Visiga ninapofyatua matofali nilimwuliza mwenzangu Sefu, kusaka na kuwinda vinatofautianaje. Akasema nikaone mwenyewe kwa mama yake, Bi Mwanahawa, huko Mzenga. Nguruwe pori walikuwa wanamaliza muhogo wake, na Jumamosi wanakijiji wangewaingilia.

Ijumaa asubuhi nilipanda gari hadi Mlandizi, kisha bodaboda, vumbi mpaka kwenye nyusi. Bi Mwanahawa aliitikia shikamoo yangu, akanipa maji ya kunawa, akanionyesha shamba. Nusu lilikuwa limefukuliwa. Nusu iliyobaki ndiyo chakula chake mpaka msimu mwingine.

Jumamosi alfajiri Mzee Shomari, mkuu wa shughuli, alitugawa. Wasakaji walichukua mbwa na madebe, waingie kichakani kwa mstari wakipiga kelele. Wawindaji walijificha upande wa pili, nyuma ya wavu, na mikuki yao. Mimi niliwekwa wavuni.

Jua lilipochomoza likatokea dume kubwa, linakuja moja kwa moja. Furaha ikanizidi, nikapayuka kwamba huyo, anakuja. Dume likageuka, likapenya katikati ya mbwa, likapotea.

Mzee Shomari aliketi kando yangu.

"Mwanangu, msakaji anamwambia mnyama kwamba tupo. Mwindaji anamficha hilo. Wewe umesaka penye kuwinda."

Bi Mwanahawa alitazama shamba lake, kisha akanitazama mimi, akaanza kucheka mpaka akashika kiuno.

"Kesho mpeni debe," alisema. "Mdomo huo usipotee bure."

Jumapili nilipewa debe kuukuu na rungu. Nilisaka mpaka sauti ikakauka. Nguruwe watatu, na lile dume miongoni mwao, walinikimbia mimi wakaishia kwa wale waliokaa kimya. Baada ya ibada wakaja jamaa wa Pangani, Kibaha, kuchukua nyama, maana wenyeji wangu hawaili.

Jumatatu nilirudi Visiga na mfuko wa muhogo. Sefu akauliza kama nimepata jibu. Nikamweleza kwa sauti iliyokwaruza, naye akacheka kama mama yake. Sikumwambia kwamba debe langu limetundikwa jikoni kwao, na mama amekataza mtu kulichotea maji. Nimezunguka miji mingi. Ni mara ya kwanza kuacha kitu mahali kikanisubiri.